Mporomoko wa glaida: Hesabu ya kimo salama huanzia ardhini

KATIKA viwanja vya glaida nchini Uingereza, mwanafunzi wa urubani hafiki siku ya kupaa peke yake kabla ya kuzoeshwa jambo ambalo abiria wa kawaida hangependa hata kulisikia. Akiwa ameketi mbele na mkufunzi nyuma yake, ndege hufanywa makusudi iishiwe nguvu, iinamishe pua na kuporomoka huku ikizunguka mfano wa pia.

Lengo la zoezi hilo si kumtisha mwanafunzi. Mporomoko wa aina hiyo umewaua marubani tangu siku za mwanzo za usafiri wa angani, na anayeufahamu ana nafasi bora ya kuuepuka au kujinasua. Hata hivyo, zoezi lenyewe linaweza kuua iwapo sharti moja litapuuzwa, nalo ni kimo.

Je, ni futi ngapi zinazotosha? Wengi wangetarajia kupewa nambari moja. Ukweli ni kwamba hakuna nambari moja inayofaa kila ndege, kila mwanafunzi na kila mahali. Kilichopo ni hesabu, na hesabu hiyo huanzia ardhini kwenda juu, wala si angani kuja chini.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Mabawa yake ni marefu na membamba; ASK 21 ya Ujerumani, ambayo hutumiwa sana katika mafunzo, ina mabawa ya mita 17 kutoka ncha hadi ncha. Hupandishwa angani kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni winchi, mashine iliyoko mwisho wa uwanja ambayo huvuta kamba kwa kasi na kuirusha glaida juu mfano wa tiara. Ya pili ni kuvutwa kwa kamba na ndege yenye injini.

Kamba ikishaachiliwa, rubani hana akiba nyingine ila kimo alichopewa na hewa yoyote ya kupanda atakayoikuta njiani. Kwa mwenye gari, akiba ni petroli. Kwa rubani wa glaida, akiba ni futi zilizo chini yake. Mporomoko huzimaliza futi hizo kwa pupa kuliko jambo jingine lolote atakalolifanya angani.

Jinsi ndege inavyogeuka pia

Bawa huibeba ndege kwa sababu hewa hupita juu yake kwa utulivu. Rubani anapovuta fimbo ya usukani, pua huinuka na bawa huikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi. Pembe hiyo ikifikia kiasi cha digrii 15, hewa hushindwa kulifuata bawa. Hujitenga nalo na kugeuka msukosuko, na nguvu ya kuinua hupungua ghafla. Hapo husemwa kwamba bawa limeishiwa nguvu.

Mabawa yote mawili yakiishiwa nguvu kwa pamoja, ndege huinamisha pua tu, na rubani akilegeza fimbo huruka tena kama kawaida. Hatari huanza wakati ndege inaposogea upande huku ikiwa imepungukiwa na mwendo, kwa mfano rubani anapokanyaga pedali ya usukani wa mkia kupita kiasi. Bawa moja huishiwa nguvu zaidi ya jingine. Linalozidiwa huanguka na kurudi nyuma, lenzake huinuka, na ndege huanza kujizungusha yenyewe. Kila upande huuchochea mwingine, na mara nyingi mzunguko haukomi mradi rubani ameng'ang'ania fimbo iliyovutwa nyuma.

Ni muhimu kuutofautisha mporomoko huu na mzamo wa kuzunguka, ambao kwa macho ya mgeni hufanana nao. Katika mzamo, mabawa bado yanafanya kazi na mshale wa kasi hupanda upesi. Katika mporomoko wa pia, mshale huo hubaki chini au huyumbayumba, ingawa ardhi inakaribia. Dawa ya mmoja si dawa ya mwingine, ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kuutambua ugonjwa kabla ya kutoa tiba.

Tiba yenyewe ni fupi. Kwanza, pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko hukanyagwa hadi mwisho. Pili, fimbo husogezwa mbele bila kuelekezwa kushoto wala kulia, mpaka mzunguko ukome. Tatu, pedali hurejeshwa katikati. Mwisho, ndege, ambayo sasa imeelekeza pua ardhini na inaongeza kasi, huvutwa kwa utaratibu hadi iwe sawa.

Kila hatua kati ya hizo hula kimo. Hatua ya mwisho ndiyo yenye mtego. Anayevuta fimbo kwa nguvu kupita kiasi anaweza kuliishia bawa nguvu tena au kulielemea kwa uzito. Anayevuta kwa woga huiacha ndege ipite kasi iliyoruhusiwa na kiwanda. Kuna njia moja tu ya kumpa mwanafunzi muda wa kuvuta kwa kiasi, nayo ni kuanza zoezi akiwa juu vya kutosha.

Historia ya jambo hili yenyewe ni kisa cha kimo. Mnamo Agosti 25, 1912, Luteni Wilfred Parke wa jeshi la wanamaji la Uingereza alikuwa akirejea uwanjani Larkhill kwa ndege aina ya Avro Type G ilipoanza kuzunguka, akiwa kiasi cha futi 700 juu ya ardhi. Aliongeza nguvu ya injini, akavuta fimbo na kugeuza usukani kuelekea upande wa mzunguko, yaani alifanya yote ambayo leo mwanafunzi hukatazwa. Ilipoonekana kwamba hakuna linalosaidia, alikanyaga usukani wa mkia kinyume cha mzunguko. Ndege ikatulia ikiwa imesalia na takriban futi 50.

Parke hakuwa na mkufunzi wala kitabu cha kumwongoza, kwa kuwa wakati huo hakuna aliyekuwa na maelezo kamili ya kilichokuwa kikitokea. Alifia katika ajali nyingine mnamo Desemba mwaka huo huo. Ilipofika mwaka wa 1917, mwanasayansi Frederick Lindemann, ambaye baadaye alikuwa mshauri wa Winston Churchill, aliziporomosha ndege makusudi huko Farnborough akiwa rubani yeye mwenyewe, huku akisoma vipimo ili kuthibitisha kwa hesabu namna ya kujinasua. Tofauti ya wawili hao ni kwamba mmoja alijifunza akiwa na akiba ya futi 700, na mwingine alichagua kimo chake kabla ya kuanza.

Hesabu ya futi

Mkufunzi anayepanga zoezi hujiuliza kwanza swali la mwisho: ni kimo kipi ambacho, liwalo na liwe, ndege lazima iwe imeshatulia na kuruka sawa? Hicho ndicho sakafu. Chini yake hakuna zoezi tena, kuna kurudi uwanjani tu.

Nchini Marekani, kanuni za usafiri wa angani zinakataza michezo ya sarakasi za ndege chini ya futi 1,500 juu ya ardhi. Zinakataza pia michezo hiyo juu ya maeneo yenye makazi mengi na wakati ambapo rubani hawezi kuona angalau maili tatu mbele yake. Wakufunzi wengi huichukua nambari hiyo ya 1,500 kuwa sakafu ya zoezi la mporomoko, yaani mahali pa kuwa wamemaliza, si mahali pa kuanzia. Wapo wanaojiwekea sakafu ya juu zaidi.

Tuchukue mfano. Tuseme glaida inapoteza futi 300 katika kila mzunguko, na mzunguko mmoja huchukua sekunde nne. Mkufunzi anakusudia mizunguko miwili, hivyo ni futi 600. Kutoka kwenye mzamo kunahitaji futi 400. Hadi hapo ni futi 1,000, na mtu mwenye haraka angeona kwamba futi 2,500 zinatosha.

Lakini mwanafunzi hajakosea bado. Huenda akakanyaga pedali isiyofaa. Huenda akaganda, fimbo ikiwa tumboni mwake. Mkufunzi lazima aone kosa, alitaje, asubiri kidogo, kisha achukue usukani mwenyewe. Mizunguko miwili zaidi inaweza kupita katika muda huo, nayo ni futi nyingine 600. Kwa hesabu hiyo, zoezi haliwezi kuanza chini ya futi 3,100 juu ya ardhi.

Msomaji wa Nairobi anaweza kulipima jambo hili kwa macho. Jumba la mikutano la KICC lina urefu wa mita 105, sawa na takriban futi 344. Kila mzunguko katika mfano wetu ni kama kuporomoka kutoka karibu na kilele cha jumba hilo hadi barabarani, kwa sekunde nne. Sakafu ya futi 1,500 inaonekana kuwa mbali, lakini kwa mwendo huo ni sekunde 20 tu kabla ya kugonga ardhi.

Sekunde hizo ndizo zinazoamua pia iwapo parachuti itafaa kitu. Marubani wengi wa glaida huvaa parachuti, lakini ndege ikikataa kutoka kwenye mzunguko, ni lazima kifuniko cha kioo kitupwe, mikanda ifunguliwe, mtu ajikwamue kutoka kwenye kiti chembamba huku akisukwasukwa, aruke nje, avute kamba na kungoja kitambaa kifunguke. Ndiyo sababu uamuzi wa kuruka hufungwa kwenye kimo kilichotajwa mapema, wala hauachiwi ujasiri wa wakati huo.

Nambari za mfano huo hazifai kunakiliwa, kwa kuwa ndege hazifanani. ASK 21 ni mpole kiasi kwamba haipendi kuzunguka, na vyuo vingine huifunga vizito maalumu mkiani ili ikubali. Puchacz, glaida ya mafunzo iliyoundwa Poland, huingia katika mporomoko kwa urahisi zaidi. Hata ndege moja hubadilika kulingana na uzito wa walioketi ndani na mahali ulipo. Kinachotegemewa ni kitabu cha maelezo cha ndege yenyewe pamoja na uzoefu wa mkufunzi aliyeirusha hivi karibuni.

Futi kutoka wapi?

Lipo kosa jingine ambalo halihusiani na ndege bali na kipimo. Altimita haijui ardhi iko wapi. Husoma mgandamizo wa hewa na kuonyesha kimo kutoka mahali ilipowekewa, aghalabu usawa wa bahari au usawa wa uwanja.

Pwani, tofauti hiyo ni ndogo. Katika nyanda za juu za Kenya, ni kubwa mno. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Altimita iliyowekwa kupima kutoka baharini ikisoma futi 7,000 juu ya uwanja huo, ndege ina futi 1,500 tu chini yake. Ili kupata zile futi 3,100 za mfano wetu, lazima isome 8,600. Na kama mkufunzi atasogea magharibi hadi kwenye vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinazidi futi 8,000, altimita hiyo hiyo inayosoma 8,600 itakuwa imemwachia kiasi cha futi 500.

Glaida si kitu kigeni kabisa nchini. Huko Mweiga, karibu na Nyeri, zimewahi kuruka kati ya Mlima Kenya na safu za Aberdare, mahali ambapo hakuna ardhi tambarare ya kumhurumia asiyejua kimo chake halisi. Isitoshe, hewa ya juu ni nyepesi. Katika kimo cha futi 10,000 kutoka baharini, ndege inayoonyesha kasi fulani huwa inakwenda kasi zaidi ya hiyo kwa takriban asilimia 16. Kwa hivyo mzamo hula futi nyingi zaidi kuliko ambavyo ungekula pwani, ilhali mishale mbele ya rubani inaonyesha yale yale aliyoyazoea.

Kimo kina bei

Kama hesabu iko wazi hivyo, kwa nini isifuatwe daima? Jibu ni kwamba kimo hununuliwa. Winchi ni nafuu, lakini kwa kawaida humfikisha mwanafunzi futi 1,000 hadi 1,500 tu. Ndege ya kuvuta inaweza kumfikisha futi 3,000 na zaidi, lakini hutumia mafuta na muda, na ada yake hupanda kwa kila futi. Siku ambayo mawingu yako chini, hata mwenye fedha hawezi kukinunua.

Hapo ndipo kishawishi huzaliwa. Mwanafunzi amebakiza zoezi moja tu, jioni inakaribia, na pato la winchi ni futi 1,300. Mtu anaweza kujiambia kwamba mzunguko mmoja, au hata nusu, hautadhuru. Mara nyingi haudhuru, na huo ndio ubaya wake, kwa kuwa linalofaulu mara kumi huonekana kuwa salama hata kama halikuwa salama hata mara moja.

Kumekuwa pia na hoja ya kitaaluma miongoni mwa wakufunzi. Wapo waliodai kwamba zoezi la juu sana halimfundishi mwanafunzi lolote la maana, kwa sababu kutoka futi 3,000 ardhi huonekana kama ramani na haitishi. Kwa maoni yao, ni vyema aonyeshwe mara moja, na mkufunzi hodari, jinsi ardhi inavyomkimbilia mtu anapokuwa chini, ili asije akavuta fimbo kwa hofu siku ya siku.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwili wa binadamu huvuta fimbo unapoiona ardhi, hata kama akili inajua kwamba dawa ni kuisukuma. Lakini somo linaloacha nafasi ya kosa moja tu humweka hatarini mwanafunzi na mkufunzi kwa pamoja, na hodari naye huweza kuteleza. Hofu hiyo inaweza kufundishwa kwa maelezo chini na kwa mazoezi mengi juu, hadi kusukuma fimbo kuwe mazoea.

Tena kuna jambo ambalo pande zote mbili hukubaliana. Mporomoko unaoua kwa kawaida hauanzi futi 3,000. Huanza karibu na uwanja, rubani anapokata kona ya mwisho kabla ya kutua, akiwa na futi 300 au 400. Amechelewa kugeuka, anaogopa kuinamisha bawa karibu na ardhi, kwa hivyo anaisaidia kona kwa kukanyaga pedali. Pua inainama, anaivuta juu. Bila kujua, amekamilisha masharti yote ya mporomoko, na kimo alichonacho hakizidi jumba la KICC kwa mengi. Kujinasua hapo ni vigumu mno.

Kwa hivyo kujua kutoka katika mporomoko ni nusu tu ya somo. Nusu iliyo kubwa ni kutambua dalili zinazoutangulia: pua iliyoinuka, sauti ya upepo inayofifia, usukani unaolegea mkononi, mtikisiko wa hewa kwenye mabawa, na uzi mdogo uliobandikwa kwenye kioo kuegemea upande mmoja. Dalili hizo ni zile zile juu na chini. Zikitambuliwa mapema, kulegeza fimbo kidogo kunatosha na kimo kinachopotea ni kidogo mno.

Mataifa yamelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Marekani iliondoa mporomoko katika mtihani wa rubani wa kawaida mwaka wa 1949 na kutilia mkazo uepukaji, ingawa anayetaka kuwa mkufunzi wa ndege ndogo au wa glaida bado lazima afunzwe mporomoko wenyewe. Uingereza, ambako chama cha kitaifa cha glaida kilianzishwa mwaka wa 1929, imeendelea kuwafundisha wanafunzi kuutambua, kuuepuka na kujinasua nao kabla hawajaruka peke yao.

Popote zoezi linapofanyika, maandalizi yake hayatofautiani sana. Kimo hukaguliwa kwanza, kutoka ardhini. Mikanda hukazwa, na kitu chochote kilicho huru ndani ya ndege hufungwa. Mahali huangaliwa: pasiwe juu ya mji, wala juu ya umati, wala mbali na uwanja kiasi cha kushindwa kurudi. Kisha ndege hugeuzwa huku na huku ili kuhakikisha hakuna nyingine chini yake, maana anayeporomoka hachagui njia. Mwisho, wawili hao hukubaliana kwa maneno nani ameshika usukani na ni kwa kimo gani mkufunzi atauchukua bila mjadala.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Kwa rubani wa glaida methali hiyo si tishio bali ni ukumbusho, kwa sababu yeye hushuka kila siku na ardhi humngoja kila siku. Anachoweza kuamua ni futi ngapi awe nazo anapokosea, na uamuzi huo lazima uwe umefanywa kabla pua haijainuliwa.